Barua ya Wazi kwa Bohari ya Dawa Kuhusu Bei ya Kusikia

Mlandege,
Manispaa ya Iringa.

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa (MSD)
Nakala: Wizara ya Afya, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF)

YAH: VIFAA VYA KUSIKIA NA BEI YAKE

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Mlandege, kibanda changu kiko jirani na soko. Baba yangu ni mzee ambaye masikio yake yalichoka mapema kwa miaka aliyofanya kazi kwenye mashine za kupasua mbao kule Mufindi. Kwa sababu hizo mbili vifaa vya kusikia, au shimesikio kama walimu wa elimu maalumu wanavyoviita, vimekuwa vikipita mikononi mwangu, na nimejifunza jinsi vinavyotengenezwa na jinsi vinavyouzwa. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili ulipime unaposoma yanayofuata: Bohari ya Dawa inunue kwa wingi kifaa cha kusikia cha msingi, kwa vigezo ambavyo nchi imevipanga yenyewe, na ikifikishe mikoani pamoja na betri zake. Mgonjwa asiachwe aende dukani peke yake kuchagua kati ya masanduku matatu au manne asiyojua yanatofautiana nini.

Nakuandikia wewe na si wauzaji, kwa kuwa muuzaji ni mtu mmoja mwenye duka, kodi ya pango na mashine ya kupimia aliyoinunua kwa mkopo. Akiuza vifaa vichache kwa mwezi, lazima kila kimoja kibebe gharama zote hizo. Simlaumu. Lakini Bohari iliundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993 ili kununua, kutunza na kusambaza, na ina bohari ya kanda hapa hapa Iringa na nyingine Mbeya. Nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) zimeiamini kiasi cha kuichagua iratibu ununuzi wao wa pamoja wa dawa. Mnunuzi mwenye nguvu kuliko huyo katika afya ya nchi hii simwoni.

Niruhusu nianze na kilichomo ndani ya kifaa, maana bei yake huanzia humo.

Kifaa cha kawaida kinachokaa nyuma ya sikio kina maiki, saketi yenye chipu, spika ndogo na betri. Maiki inapokea sauti, chipu inaigeuza kuwa namba, inaikatakata katika makundi kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, inaongeza kila kundi kwa kiasi ambacho sikio la mhusika limepungukiwa, kisha spika inaitoa tena kuwa sauti na kuipitisha kwenye kimrija hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Vifaa vya kidijitali kamili vilivyovaliwa sikioni viliingia sokoni kwa nguvu mwaka 1996. Wakati ule chipu hizo zilikuwa kitu kipya na ghali. Leo fundi yeyote wa simu anajua chipu zimeshuka bei kiasi gani tangu miaka hiyo, na anayeshika simu ya laki moja ana mkononi uwezo wa kuchakata sauti ambao wahandisi wa 1996 wasingeweza kuubana katika kitu cha mkononi. Lakini bei ya kifaa cha kusikia haikushuka kwa mwendo huo huo.

Sababu moja ni namna bidhaa inavyopangwa madarajani. Kampuni tano, Sonova ya Uswisi, Demant, WS Audiology na GN zenye makao Denmark, na Starkey ya Marekani, ndizo zinazoshika sehemu kubwa sana ya soko la dunia. Kila moja hutoa familia ya vifaa: cha msingi, cha kati, cha juu, cha juu kabisa. Ganda ni lile lile. Mara nyingi hata chipu ni ile ile. Kinachotofautiana ni programu: katika cha msingi baadhi ya uwezo umefungwa, katika cha juu umefunguliwa. Watu wa Mlandege wanaujua mpango huu kupitia king'amuzi cha televisheni. Boksi ni moja, dishi ni moja, na malipo yako ndiyo yanayoamua chaneli zipi zifunguke.

Kwenye televisheni mpango huo hauniumizi, kwa kuwa mtu hafi kwa kukosa mpira wa Ulaya. Kwenye masikio ni jambo jingine. Tulipompeleka baba kwenye duka moja Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 500, tuliwekewa mezani vifaa vinavyofanana hata kwa rangi, bei zikipanda kutoka laki kadhaa hadi milioni kadhaa kwa sikio moja. Tulipouliza tofauti, tulisomewa orodha: chaneli nyingi zaidi, kupunguza kelele kwa hatua nyingi zaidi, Bluetooth, programu ya simu, betri ya kuchaji, akili mnemba inayotambua mazingira. Baba anatumia simu ya kitochi. Alitutazama midomo tukizungumza, akajua tunabishana juu ya fedha, akasema turudi nyumbani.

Kwa hiyo nimeamua kuandika hapa, sifa moja baada ya nyingine, ninavyoona thamani ya vitu hivi kwa mtu wa kwetu, nikitegemea ninachokijua kwa kazi yangu na utafiti ambao umeshachapishwa.

Kuzuia mluzi ni lazima. Sauti ya spika ikivuja na kurudi kwenye maiki, kifaa hupiga mluzi, mtu huaibika kanisani au msikitini, hukivua, na huo ndio mwisho wa matumizi. Zamani uwezo huu ulikuwa wa vifaa ghali, siku hizi umo hata kwenye vya bei ya chini. Usimlipe mtu ziada kwa ajili yake.

Maiki mbili zinazosikiliza mbele zaidi ya nyuma nazo zina faida ya kweli. Anayeijua Mlandege anajua sababu: bajaji, wauza mitumba wenye vipaza sauti, mashine za kusaga, wachomeleaji wa mageti na misumeno yao ya chuma, vyote kwa wakati mmoja. Mama anayeuza maharage anahitaji kumsikia mteja aliyesimama mbele yake, si gari la taka linalopita nyuma yake. Kati ya sifa zote zinazotajwa kwenye vipeperushi, hii ndiyo ambayo ningeipigania, na imekuwepo kwa muda mrefu vya kutosha isihesabiwe tena kuwa anasa.

Kupunguza kelele kunakofanywa na programu ni kitu kingine, na wanunuzi wengi wanazichanganya sifa hizi mbili. Programu hiyo hufanya kelele isichoshe, na hilo ni jema kwa mtu anayevaa kifaa kutwa nzima. Hata hivyo haimfanyi aelewe maneno vizuri zaidi kwa kiasi ambacho tangazo linaahidi. Hatua moja au mbili za kupunguza kelele zinatosha. Kulipia hatua saba ni kutupa fedha.

Chaneli, yaani yale makundi ya sauti yanayokatwa na chipu, nazo zimekuwa namba ya kumtia mnunuzi butwaa, kama kamera za simu zinavyotangazwa kwa megapikseli. Kifaa kinahitaji chaneli za kutosha kufuata umbo la upungufu wa mtu, basi. Baba yangu, kama wengi walioharibiwa na kelele za mashine, anasikia sauti nzito karibu sawasawa na mtu mwingine, lakini amepoteza zile nyembamba ambazo ndani yake zimo s, f, t na sh. Ukimwambia «washa taa» hajui kama umesema taa au saa. Kuliinua eneo hilo la sauti hakuhitaji chaneli 40.

Bluetooth ni nzuri kwa mwanafunzi wa chuo au karani anayepokea simu siku nzima. Kwa wengine wengi ni bei iliyoongezwa bure, na inakula betri. Betri ya kuchaji iliyofungiwa ndani ina wema wake: mzee mwenye vidole vinavyotetemeka hahangaiki na kijibetri kidogo kama punje ya hindi. Lakini betri hiyo hudumu miaka michache, na ikichoka kifaa hurudi kiwandani au kwa wakala. Kwa mtu wa Ilula au Pawaga hiyo ni safari ya kukata tamaa. Udogo nao hulipiwa sana. Vifaa vinavyozama ndani ya tundu la sikio havionekani, ila vina betri ndogo kuliko zote, vinaziba kwa nta haraka na havina nguvu ya kumfaa mwenye upungufu mkubwa. Ninaelewa aibu inayowafanya watu wavitamani, sitaki kuidharau. Serikali tu isiinunue aibu hiyo kwa fedha za umma.

Nisieleweke kuwa napinga maendeleo ya teknolojia, maana ndiyo inayonilisha. Ninachosema ni kwamba mwaka 2014 Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis walichapisha utafiti uliowapa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati vifaa vya msingi na vya juu kutoka kwa watengenezaji wakubwa wawili. Kila mmoja alivaa kila kifaa kwa mwezi katika maisha yake ya kawaida bila kuambiwa kipi ni kipi. Vyote viliwasaidia. Vya bei ya juu havikuonyesha kuwasaidia zaidi kwa namna inayoweza kupimika, si katika kuelewa maneno wala katika ubora wa maisha. Utafiti wao mwingine uliofuata ulielekea huko huko. Nimezisoma habari hizo mara nyingi nikikumbuka orodha tuliyosomewa dukani.

Kilichomsaidia baba hatimaye hakikuwa kuongezewa sifa. Ndugu walichangishana, tukanunua kifaa cha chini kabisa katika familia ya vifaa ile ile. Wiki za mwanzo alikichukia: sahani zikigongana zilimuumiza kichwa, na sauti ya mjukuu wake ilikuwa kama inatoka chumba cha pili. Kisha mtaalamu mmoja wa masikio alimpima upya, akachora kwa utulivu audiogramu, yaani grafu ya usikivu wake, akapima pia sauti inayofika ndani ya sikio lenyewe kifaa kikiwa kimevaliwa, akabadilisha kizibo kilichokuwa kinapwaya, akapunguza sauti za kishindo na kuinua zile laini za usemi. Kifaa ni kile kile, chipu ni ile ile. Siku hizi baba anabishana na redio. Saa moja ya mtaalamu anayejua kazi yake, akiwa na kompyuta na kebo yake, ilizidi tofauti yote ya bei kati ya sanduku la kwanza na la nne.

Hapo ndipo panapohitaji fedha za serikali, na ndipo wengi wanapokwama. Kifaa kisichorekebishwa kulingana na sikio la mtu ni kelele tu. Halafu programu ya kurekebishia nayo imefungwa: kila kampuni ina yake, na baadhi ya vifaa hufungiwa kwa mtandao wa maduka ya muuzaji mmoja tu. Nimewahi kuletewa kifaa kizima, kisicho na hitilafu yoyote, kilichokuwa cha marehemu na ambacho familia ilitaka kumpa jirani. Hakuna mtu Iringa aliyeweza kukifungua na kukipanga upya.

Na sasa niseme juu ya vile vinavyofika kwenye meza yangu, kwa kuwa si kazi yangu na bado vinafika. Vingi havijaharibika. Kimoja kimeziba kwa nta. Kingine kimrija chake kimekakamaa na kupasuka, kitu cha kubadilishwa kila baada ya miezi michache na ambacho thamani yake ni ndogo kuliko kava la simu. Kingine kimeingia vumbi la kiangazi au jasho. Na vingi, vingi mno, vimeishiwa betri. Wenyewe wanazijua kwa rangi ya kibandiko: njano ni namba 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675 kwa vile vyenye nguvu. Ni betri za zinki zinazoamshwa na hewa, ukishabandua kibandiko zimeanza safari na huwezi kuzirudisha. Ya 312 humaliza kama wiki moja, ya 675 wiki mbili au tatu. Hesabu mwenyewe gharama ya mwaka mzima kwa masikio mawili, kisha ongeza nauli ya kwenda kuzitafuta mji mkubwa. Wapo waliopewa vifaa bure na wafadhili, wakasikia kwa muda wa pakiti moja ya betri, wakarudi kwenye ukimya wao, na kifaa kikawekwa kabatini ndani ya kitambaa.

Ndiyo maana nasema bei ya kifaa kwenye sanduku ni nusu ya habari. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, liliandika vifaa vya kusikia vya kidijitali pamoja na betri zake katika mstari mmoja. Mwaka uliofuata lilitoa maelezo ya kifaa kinachozifaa nchi za kipato cha chini na cha kati, na likapendelea cha nyuma ya sikio, si kile kidogo cha kuficha. Kwa hiyo vigezo ninavyoomba havihitaji kubuniwa upya. Ripoti ya shirika hilo hilo ya Machi 2021 ilisema watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, milioni 430 wanahitaji huduma, na kati ya wanaoweza kufaidika na vifaa hivi ni asilimia 17 tu wanaovitumia.

Nchi nyingine zimeshatuonyesha bei inavyobadilika mnunuzi anapobadilika. Uingereza ilipoingiza vifaa vya kidijitali katika huduma yake ya afya ya umma kuanzia mwaka 2000, ilinunua kwa mamia ya maelfu, na kifaa ambacho dukani kiliuzwa kwa maelfu ya paundi kikashuka hadi chini ya paundi 100 kwa serikali. Mgonjwa wa huko hukopeshwa kifaa bila malipo, na betri na matengenezo vilevile. Marekani, mwaka 2015, baraza la washauri wa Rais wa sayansi na teknolojia liliripoti kuwa wastani wa bei ya kifaa kimoja dukani ulikuwa dola 2,363, wakati idara inayohudumia askari wastaafu, kwa kuwa inanunua kwa wingi, ililipa kama dola 400. Kampuni ni zile zile.

Baada ya ripoti hiyo Marekani ilipitisha sheria mwaka 2017, na kuanzia Oktoba 2022 vifaa vya watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati vinauzwa huko bila cheti cha daktari. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha programu inayozigeuza spika za masikioni za Apple, AirPods Pro 2 zilizouzwa dola 249 wakati huo, ziwe kifaa cha kusikia. Vijana wengi waliona habari hizo wakaniuliza kama ndiyo suluhisho. Kwa mwenye simu ya kampuni hiyo na upungufu mdogo, zinaweza kumfaa. Chaji yake haifiki jioni, hazimfai mtoto, hazimfai aliyepungukiwa sana. Na zaidi ya hizo, mitandaoni kuna vikuza sauti vya elfu kadhaa vinavyoongeza kila kitu kwa pamoja, usemi na honi, bila kikomo cha kulinda sikio. Hivyo naomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya hapa nchini ivitazame kwa jicho kali, kwa sababu vinajificha nyuma ya picha za vifaa halisi na kumfanya mtu aamini kuwa «vifaa vya masikio havisaidii».

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu zaidi, katika nchi mwenzetu ya SADC. Kwenye kijiji cha Otse, Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza kifaa cha kusikia chenye betri za kuchaji na chaja ya jua, na waliokaa mezani kuunganisha saketi walikuwa viziwi wenyewe. Kazi hiyo baadaye ikaendelezwa kwa jina la Solar Ear, na chaja ile ikavuka hadi Brazil. Waliangalia kwanza kinachomkwamisha mtu wa kijijini, wakakuta ni betri, wakaanzia hapo. Iringa hatukosi jua wala watu wenye mikono ya kazi hiyo. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, na mjini hapa imezoeleka kuagiza chakula mgahawani kwao kwa ishara au kwa kuandika. Wenye ustadi wa namna hiyo wanaweza kufundishwa kubadilisha vimrija, kusafisha nta, kukagua maiki na kufinyanga vizibo.

Nimewataja viziwi kwa makusudi, maana wana neno lao katika jambo hili na hawapaswi kusemewa na mimi. Aliyezaliwa kiziwi na anayeishi kwa Lugha ya Alama hadai kifaa, anadai mkalimani na mwalimu anayeijua lugha yake. Fedha za vifaa zisichukuliwe kutoka kwenye haki hiyo. Ila kuna watoto wenye mabaki ya usikivu, katika shule kama Njombe Viziwi na Buguruni, na katika madarasa ya kawaida wanakoitwa wazito au wakaidi. Kwao kifaa kinachofaa ni tofauti na cha baba yangu: chenye nguvu, imara, chenye kizibo kinachobadilishwa kila sikio linapokua, na kinachounganishwa na maiki ya mwalimu. Sifa hiyo ya mwisho ni teknolojia inayostahili bei yake, na ninaomba muiandike kwenye vigezo vya watoto bila kusita. Mtoto hana muda wa kusubiri. Wataalamu wanataka upungufu ugunduliwe katika miezi mitatu ya kwanza ya uhai na msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa kuwa lugha haimngoji.

Sasa nirudi kwenye ombi langu, kwa undani.

Zabuni ya Bohari isitaje jina la kampuni wala daraja la familia ya vifaa. Itaje kazi: kifaa cha kidijitali cha nyuma ya sikio, chenye kuzuia mluzi, maiki mbili, kupunguza kelele kwa kiasi, kikomo cha sauti ya juu, kitufe cha sauti kinachoshikika kwa vidole vya mzee, na kinga dhidi ya vumbi na jasho. Kitumie betri ya namba 13 au 675, zile zinazodumu. Nguvu ziwe mbili au tatu, ya kawaida na ya upungufu mkubwa, na zitoshe. Kampuni inayotaka kutuuzia ikubali programu yake ya kurekebishia itolewe kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa, ifanye kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na kifaa kiweze kupangwa upya kwa mtu mwingine mwenyewe akifariki. Ikikataa, zabuni iende kwa mwingine. Tukiwa na SADC nyuma yetu, watakuwepo wengine.

Bei nayo ivunjwe. Iandikwe kifaa kiasi gani, kizibo kiasi gani, kupima na kurekebisha kiasi gani, betri za miaka mitatu kiasi gani. Vikiwa vimefungwa katika namba moja hakuna anayeona faida imekaa wapi, na muuzaji anayefanya kazi nzuri ya kurekebisha anashindanishwa na anayekabidhi sanduku tu. Betri na vimrija vikae kwenye bohari ya kanda, viende hospitalini na vituo vya afya kwa gari lile lile linalopeleka dawa za kisukari.

Kwa NHIF: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Naomba kitita chake cha mafao kilipie huduma yote ya usikivu, pamoja na ziara za kurekebisha, na kwa kifaa cha msingi kilichonunuliwa na Bohari. Anayetaka Bluetooth au cha kuficha ajiongezee mwenyewe, ni haki yake. Nchi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria Na. 9 ya 2010. Vifaa saidizi ni sehemu ya ahadi hiyo.

Kwa Wizara: kila hospitali ya rufaa ya mkoa ipate mtu mmoja aliyefunzwa kupima usikivu na kupanga vifaa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iwe mwalimu na msimamizi wao huku Nyanda za Juu Kusini. Si lazima awe daktari bingwa. Na tukiwa tunazungumzia gharama, usaha wa masikio utibiwe mapema kwa watoto na wafanyakazi wa mashine za mbao na za kusaga wapewe vikinga masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unaweza kuzuilika. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni kile ambacho hakikuhitajika. Baba yangu hakuwahi kupewa kikinga hata kimoja.

Ndugu Mkurugenzi, nipo tayari kuonyesha vifaa vyenyewe kwa yeyote utakayemtuma kutoka bohari yenu ya kanda, vilivyo hai na vilivyokufa, na kumweleza kila kimoja kilikufa kwa nini. Nakuomba jibu la wazi, hapa hapa penye macho ya watu: je, katika zabuni zenu zijazo kifaa cha kusikia na betri zake vitakuwemo, na kwa vigezo vya nani?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa simu na redio,
Mlandege, Iringa.